Ukuta wa chumbani unalowa nyuma ya bafu na fundi anataka kuvunja bafu zima, nifanyeje?

Dada mmoja wa Kihesa, Iringa kaniandikia, nafupisha: nyumba yao ni ya tofali za kuchoma, bafu la ndani limepakana na chumba cha watoto, na ukuta wa upande wa chumba umelowa kuanzia chini mpaka usawa wa kitanda, rangi inavimba inabanduka, kuna fangasi weusi na harufu ya unyevunyevu. Fundi wa kwanza alikwangua akapaka rangi mpya, miezi miwili ikarudi vilevile. Wa pili anasema bafu lote livunjwe, tailizi za chini na za ukutani, bomba zote zibadilishwe. Wana simtanki la lita 1000 juu ya mnara na hita ya umeme bafuni. Bili ya maji haijapanda. Halafu mwishoni kabisa kaandika kitu ambacho naona hata yeye hakukipa uzito, kwamba watoto wakiwa shule ya bweni ule ukuta unakauka kidogo, wakirudi likizo unaloa tena. Anauliza akubali kuvunja au kuna njia nyingine.

Kamwene dada. Kabla ya yote sogeza hicho kitanda leoleo, mtoto asilale kichwa kimeelekea kwenye fangasi, kifua kitamsumbua, hasa huku kwetu nyanda za juu ambako usiku madirisha tunafunga yote kwa baridi. Cha pili, asije mtu na tindo na nyundo hapo mpaka umemaliza vipimo ntakavyokueleza. Karibu vyote unafanya mwenyewe, kwa ndoo, nailoni na penseli, kasoro kimoja cha hita kinachohitaji fundi umeme, na vinaisha ndani ya wiki moja hivi.

Sasa nikueleze jinsi fundi bomba anavyotakiwa kufikiri maana hapa ndo wengi tunapokosea. Bafuni kuna maji ya aina tatu. Kuna maji yanayokuja, yaani ya bomba, hayo yana presha muda wote. Kuna maji yanayoondoka, kuanzia floo trapu (lile tundu la sakafuni linalopokea maji ya kuoga) mpaka chemba (shimo la nje lenye mfuniko linalopokea maji machafu), hayo hayana presha na yapo pale tu mtu anapoyamwaga. Na kuna maji yaliyo katikati, yanayoruka ukutani na kutapakaa sakafuni wakati mtu anaoga, hayo hayapo ndani ya bomba lolote, yanapita kwenye grauti iliyochoka (ule ujazio wa kati ya tailizi), kwenye kona, pembeni ya mfuniko wa trapu. Kila aina inavuja kwa tabia yake na inarekebishwa kwa njia yake, kwahiyo fundi anayesema "tuvunje tuone" kabla hajajua ni maji ya aina gani anakubahatishia kwa hela yako.

Na wewe dada umeshanijibu nusu ya swali bila kujua. Bomba lenye presha linavuja usiku na mchana, halijui kama watoto wapo au wameenda shule. Ukuta wako unafuata watoto. Wakiwepo wanne wanaoga, unaloa, mkibaki wawili unapumua. Hiyo inaniambia kwa kiasi kikubwa kwamba ni maji yanayoondoka au yale ya katikati, na bili kutopanda kunakubaliana na hilo kwasababu maji hayo ulishayalipia, yamepita mwilini kwa mtu ndo yakaenda yasikotakiwa. Lakini kuna kipande kimoja cha bomba kinachodanganya, nacho ntakieleza vizuri, usiruke.

Anza na kipimo cha nailoni, ni rahisi mno. Kata kipande cha nailoni safi kama ukubwa wa daftari, kibandike kwenye ukuta wa chumbani sehemu iliyolowa, kingo zote nne zizibwe kabisa na selotepu (kama rangi inabanduka kwangua kwanza ishike), acha siku nzima. Kesho angalia. Umande ukiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, basi maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukiwa upande wa nje, unaokutazama wewe, basi ni mvuke wa chumbani unaganda kwenye ukuta wa baridi. Usidharau hii, mwezi wa sita na wa saba Mbeya, Iringa, Njombe huko, watu wanaoga maji ya moto asubuhi dirisha limefungwa, mvuke wote unaenda kugandia ukuta na gipsamu, kesho yake wanaita fundi bomba kwamba dari linavuja. Dawa yake ni kufungua dirisha, sio kuvunja tailizi. Kwako sidhani ni hiyo ila kipimo ni cha bure.

Angalia pia unyevu wenyewe umekaaje. Kama kuta zote za nyumba, hata zilizo mbali na bafu, zina mstari wa unyevu chini na unazidi masika, kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa nne, hayo ni maji ya ardhini yanapandishwa na tofali, mara nyingi aliyejenga hakuweka nailoni juu ya msingi. Tofali la kuchoma linanyonya maji kama sponji, ndo maana hata tundu dogo sana bafuni linaweza kulowesha ukuta usawa wa kiuno. Wewe umesema ni ukuta mmoja tu kwahiyo tuendelee.

Sasa bomba. Watu wanaambiwa waangalie mita, ile nyota ndogo inayozunguka, na ni sawa, ukifunga koki zote ikazunguka kuna mahali panavuja. Ila wewe una tanki. Mita yako inaona maji yanayoingia kwenye tanki tu, floti ikishafunga mita inatulia hata kama ndani ya nyumba kunamwagika. Kwahiyo mita yako ni tanki lenyewe. Usiku wakishalala wote funga valvu inayoingiza maji kwenye tanki, chukua fito iliyonyooka, chovya mpaka chini, weka alama ya penseli maji yalipoishia. Asubuhi kabla hata mtu hajanawa uso pima tena. Tanki la lita 1000 lenye upana wa kama mita 1.1, kila sentimita moja ni kama lita 9 na nusu, kwahiyo hata kushuka nusu sentimita utakuona. Kama choo cha kuflashi kipo funga kikoki chake kile cha ukutani, maana vifloti vya vyoo vinavuja kimyakimya na vitakuharibia kipimo.

Maji yasiposhuka, bomba zenye presha ni nzima. Yakishuka usianze kuwaza bafu, fuata koki moja moja kwanza, na bomba la kutoka tankini kushuka chini ambalo limekaa juani miaka, hilo plastiki yake inakauka inapasuka.

Halafu ndo kile kipande kinachodanganya. Kutoka kwenye koki ya shawa kuna bomba linapanda ndani ya ukuta mpaka kwenye elbo (kiungio cha kona), pale hita inapofungwa. Hicho kipande hakipati presha ya maji mpaka mtu afungue kuoga. Kikivuja kinavuja dakika kumi za kuoga halafu kinanyamaza, fito ya tanki haikioni, mita haikioni, na tabia yake inafanana kabisa na sakafu mbovu kwasababu na chenyewe kinafuata watoto! Nilishavunja sakafu ya bafu moja Uyole, Mbeya, nikatoa trapu, nikakuta chini pamekauka kabisa, vumbi linatoka, mwenye nyumba kasimama mlangoni ananiangalia. Elbo ya hita ndo ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, aliyefunga hita alikaza sana huku kaviringisha tepu nyingi kwenye tredi (zile nyuzi za kukazia). Maji yalishuka ndani ya ukuta yakatokea chini, mimi nikalaumu sakafu. Ile sakafu niliirudishia kwa gharama zangu, na tangu siku hiyo sivunji chini kabla sijapima juu.

Kupima hicho kipande, zima umeme wa hita kwenye mein swichi, sio kwenye swichi ya bafuni tu, halafu fundi umeme aachanishe waya na hita ishushwe. Usije ukaziba mdomo wa hita yenyewe ukafungua maji, hizi hita za papohapo hazijatengenezwa kubeba presha, zinapasuka. Hita ikitoka, kwenye elbo funga plagi ya nusu inchi na tredi tepu, fungua koki ya shawa, acha wazi usiku kucha, pima tanki kwa fito kama jana. Jana koki imefungwa maji hayakushuka, leo koki iko wazi na yameshuka, basi mwizi ni bomba la kupanda au elbo yake. Kama fundi wako ana pampu ya kupimia presha ni bora zaidi, ajaze mpaka bar 6 asubiri nusu saa, mshale usirudi nyuma. Mnara wa mita sita unatoa kama bar 0.6 tu kwahiyo kaufa kadogo kanaweza kukwepa kipimo cha fito lakini kwenye pampu hakafichiki.

Na hapa naomba uniskilize vizuri dada. Ukuta uliolowa na hita ya umeme ni jambo la hatari. Kama kuna mtu hapo nyumbani ameshawahi kugusa koki akasikia umeme unamtekenya, hata kidogo tu, hita isiwashwe tena, ogeni maji ya jikoni kwenye ndoo mpaka fundi umeme akague waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, upo na umefungwa. Watu wanazoea kule kutekenywa wanasema ni kawaida ya hita, sio kawaida, watu wanakufa bafuni kwa namna hiyo.

Bomba likipita salama tunaingia kwenye sakafu, na mimi moyoni nadhani hapa ndipo tutakapompata.

Pangusa sakafu ya bafu ikauke. Chukua kitambaa kizito kiviringishe ndani ya mfuko wa nailoni, kisokomeze kwenye tundu la floo trapu mpaka kikaze, sokomeza chini ya ule mdomo wa plastiki, sio juu yake, ili na maungio ya mdomo na tailizi nayo yapimwe. Mlangoni kama hakuna kizingiti tengeneza tuta dogo la udongo wa mfinyanzi au nguo iliyoviringishwa ndani ya nailoni. Mwaga maji mpaka kina cha sentimita mbili au tatu, weka alama ya penseli kwenye tailizi ya ukutani, pembeni yake weka beseni lenye maji nalo ulitie alama. Beseni ni kwa ajili ya kujua yaliyokauka yenyewe hewani, maana mtu anaona maji yamepungua milimita mbili anapiga kelele kumbe na ya beseni yamepungua hizohizo mbili. Acha usiku mzima, mtu asiingie.

Asubuhi maji ya sakafuni yakiwa yameshuka kuliko ya beseni, sakafu inapitisha, ni grauti, kona, au pembeni ya trapu. Uzuri wake maji yakishuka huwa yanagota mahali fulani. Yakishuka mpaka usawa fulani yakasimama hapo, tundu liko usawa huo, kagua kona za ukuta na sakafu kwa urefu huohuo. Yakiisha yote mpaka chini kabisa, tundu liko sehemu ya chini kuliko zote, na hiyo mara nyingi ni trapu.

Yasiposhuka, toa kitambaa na upime njia ya kuondokea peke yake. Subiri ukuta wa chumbani upoe siku mbili tatu, muoge kwenye beseni nje ya bafu hilo, najua ni usumbufu na baridi ya huko naijua. Halafu chukua ndoo tano za maji ukoroge bluu ya kufulia, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, iwe kali. Nawaambiaga watu wasitumie rangi nyekundu ya vyakula maana tofali la kuchoma lenyewe ni jekundu, ukibomoa plasta utajiuliza hii ni rangi au ni tofali. Weka faneli au kipande cha bomba kiingie ndani ya trapu, mimina taratibu ndoo moja baada ya nyingine bila kulowesha sakafu hata tone. Kwangua plasta kidogo upande wa chumbani, chini kabisa karibu na skating, eneo la kiganja tu, na uweke tishu nyeupe hapo. Angalia jioni, angalia kesho. Bluu ikitokea, maungio ya chini ya trapu yameachia au elbo ya pale chini imepasuka. Nenda na nje kwenye chemba uhesabu kwa macho, umemimina ndoo tano, zinazofika chemba zinaonekana ni mto au ni kamchirizi? Kama ni kamchirizi na bafuni hapajajaa, zimebaki chini ya nyumba yako.

Hivi vyote vikipita salama bado ukuta unalowa ndo unabaki na tailizi za ukutani, elekeza maji ya shawa ukutani kwa robo saa huku sakafu unaikinga, ila ni mara chache.

Tuseme ni trapu, maana nshakuta nyingi sana na sababu ni ileile. Fundi wa ujenzi anakaza trapu kwenye zege, anakuja wa tailizi anakata tundu la duara kubwa kuliko mdomo wa trapu, panapobaki wazi anajazia grauti. Grauti haishikani na plastiki. Baada ya mwaka mmoja kunakuwa na mwanya mwembamba unaozunguka mdomo wote, ukiweka ukucha unaingia, na kila anayeoga maji mengine yanaingia kwenye trapu na mengine yanapita pembeni yanaenda chini ya tailizi kwenye ule mchanga na simenti, kutoka hapo mpaka kwenye tofali ni safari ya siku moja. Chuchumaa uangalie kwa tochi ya simu, usiishie kusimama.

Kama ni huo mwanya tu na trapu yenyewe imekaza, kwangua grauti ya zamani kwa bisu mpaka itoke yote, pakauke kabisa siku mbili, jaza silikoni ya bafuni ile inayozuia fangasi, usiguse siku nzima. Silikoni juu ya unyevu haishiki, ndo kosa kubwa la watu hapo.

Kama bluu ilitokea chumbani basi trapu itoke, ila hata hapo sio bafu zima. Fundi akate kwa grenda mraba wa kama sentimita 40 kwa 40 kuzunguka trapu, ni tailizi nne tu, achimbe, akate bomba mahali palipo pazima. Ncha za bomba zipigwe msasa, zifutwe zikauke, gundi ipakwe pande zote mbili, izungushwe kidogo inapoingia na kushikiliwa mpaka itulie. Kwa baridi ya Iringa gundi ya PVC inachelewa, asimwage maji hapohapo. Bomba la inchi mbili liende na mteremko wa sentimita mbili mpaka mbili na nusu kwa kila mita. Halafu kitu cha lazima, kabla hajafukia mwageni ndoo kumi huku shimo liko wazi, wewe mwenyewe umechuchumaa unapitisha tishu kavu chini ya kila maungio. Fundi akikwambia haina haja, mwambie ina haja.

Akishafukia kwa simenti yenye dawa ya kuzuia maji, ipakwe watapruufu ya bafuni mikono miwili, ipande mpaka kwenye mdomo wa trapu, na kama ni sakafu yote imefunuliwa ipande ukutani sentimita 15 au 20. Huko kwenye baridi simenti ipewe siku zaidi ya zile wanazosema madukani Dar. Rudia kipimo cha kuziba na kujaza maji kabla tailizi haijarudi. Kwenye kona za ukuta na sakafu iwe silikoni badala ya grauti, maana ukuta na sakafu vinacheza kila kimoja kivyake na grauti hapo lazima ipasuke. Tailizi za kufanana tafuteni kabla ya kukata, tena nunua mbili za akiba.

Kama ni elbo ya hita, hiyo ni tailizi mbili za ukutani. Aweke elbo mpya ya PPR (plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa na joto) yenye tredi ya shaba, aichomelee na mashine iliyofika joto la 260, bomba la milimita 20 sekunde tano tu kisha alishike bila kulizungusha. Hita ifungwe kwa mkono na kukazwa kidogo, asitumie nguvu zote.

Huyo fundi wa pili simlaumu sana, kuvunja kila kitu ni njia ya mtu anayetaka usimpigie simu tena. Ila muulize swali moja: maji ni ya aina gani na umejuaje? Akiwa tayari kukaa na wewe kwenye vipimo mpe kazi, tena mlipe na siku za kupima, ni kazi hiyo kama nyingine.

La mwisho ni ukuta wenyewe. Ukisharekebisha usipake rangi hata kama unaona aibu kwa wageni, hapo ndo fundi wako wa kwanza alipokuponza, alifunga maji ndani. Kwangua rangi na plasta iliyovimba mpaka tofali lionekane, sentimita 30 kuzidi mwisho wa unyevu, fangasi uwafute na jiki iliyochanganywa maji huku dirisha liko wazi na watoto wako mbali. Ile unga mweupe itakayotoka kwenye tofali ni chumvi, piga brashi kavu, usioshe. Kisha acha hivyohivyo wiki kadhaa, mchana dirisha wazi. Kila wiki bandika ile nailoni yako. Siku itakapotoka kavu ndani, na wiki inayofuata ikatoka kavu tena watoto wakiwa likizo na wanaoga kama kawaida, mwite wa plasta halafu wa rangi.

Bandika nailoni na upime tanki kwa fito usiku wa leo, na unitumie majibu ya hayo kwanza.